Shamba Ambalo Baba Alilikubali

Nyumba ya baba haikuanguka siku moja. Ziwa liliijia polepole, msimu baada ya msimu, mpaka tukazoea kuona maji mahali ambapo zamani tulianika dagaa. Kwanza yalijaza choo cha nje, tukasema yatashuka. Yakaja mpaka jikoni, baba akahamishia mafiga barazani na kuendelea kupika kana kwamba amepokea mgeni ambaye hajasema ataondoka lini. Mwishowe ukuta wa chumba cha nyuma ukalowa kwa chini, ukapinda, na asubuhi moja ukalala majini wakati sisi tunatoa vitanda.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi. Alijenga nyumba ile Ujiji, chini kabisa karibu na maji, alipokuwa bado na nguvu, na mama yangu alifia humo. Kiwanja alikinunua kwa rafiki yake, mtu aliyezaliwa palepale ufukweni. Siku ile ya vitanda, bibi mmoja jirani alikuwa amesimama na kanga yake imelowa mpaka magotini, anatutazama. Akasema, bila ubaya wowote, "Hapa marehemu baba yangu alikuwa akifunga mtumbwi wake. Maji yalikuwa yanafika hapa hapa."

Baba aliweka chini godoro alilolibeba. "Na aliyeniuzia alijua?"

"Alijua, mzee mwenzangu. Sisi sote wa zamani tulijua. Tulidhani hayatarudi."

Rafiki yule alikuwa amekwisha kufa siku nyingi. Baba alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza lake. Akalichukua godoro, tukaenda.

Nikamleta kwangu Buzebazeba. Nyumba yangu ni ndogo, vyumba viwili na sebule ambayo nusu yake ni vitambaa, kwa sababu mimi ninauza vitenge sokoni. Baba alilala chumba cha wanangu, ambao wakati huo walishaondoka kwenda kutafuta maisha yao. Kwa miezi ya mwanzo alikaa tu kibarazani na kutazama barabara. Nikimwuliza kama amekula, anasema amekula, na chakula nakikuta kimefunikwa vilevile. Kisha siku moja, mvua zilipokuwa zimekatika, akaniambia anataka kununua shamba. Alikuwa na akiba yake ya mtumbwi wa mwisho aliouza.

"Umri huu, baba?"

"Sitaki kufa nikiwa mgeni," akasema. "Tafuta mlimani. Mbali na ziwa. Lakini safari hii hatununui kwa mdomo wa mtu."

Ndipo tulipoanza kuzunguka. Siku nisizokwenda sokoni tulipanda bajaji mpaka Mwandiga, na kutoka hapo tukatafuta pikipiki au tukaenda kwa miguu kwenye vijiji vya juu, kule kwenye michikichi na mihogo. Baba alibeba kipande cha nondo kama fimbo. Aliikita ardhini kila baada ya hatua chache, akaisikiliza, kama alivyokuwa akigonga mbao za mtumbwi kutafuta palipooza. Hakuwahi kumwuliza muuzaji kitu cha maana. Muuzaji alimsalimia tu. Maswali aliyapeleka kwa majirani, na hasa kwa wanawake waliokuwa wakipita na ndoo. "Mwakeye," anawaamkia kwa Kiha, halafu anawauliza masika maji yanapita wapi, nani amewahi kulima hapa akaacha, na kwa nini aliacha.

Shamba la kwanza tuliloona lilikuwa bondeni, tambarare kabisa, udongo mweusi. Mimi nililipenda. Dalali alikuwa amekwisha kuanza kutupongeza baba alipoinama kwenye kichaka na kunionyesha nyasi kavu zilizojisokota kwenye matawi, usawa wa kiuno changu.

"Ni upepo huo, mzee," dalali akasema.

"Upepo haufungi mafundo," baba akajibu, akageuka kurudi njiani.

La pili lilikuwa mteremkoni, na lilikuwa na michikichi mizuri, lakini mashina yake yote yalikuwa yamepinda kwa chini kisha yakanyooka kwenda juu. Baba alikaa chini akayatazama muda mrefu. Akasema mti haupindi hivyo isipokuwa ardhi inatembea chini yake. Tulipopanda juu zaidi tukakuta ufa umefunikwa na majani, mkono wangu ukaingia wote. Mwenye shamba alisema ufa ule ulikuwepo tangu enzi za babu yake. Labda ni kweli.

Tukakataa la tatu kwa sababu katikati yake palichimbwa udongo wa matofali na mashimo yakaachwa wazi, yamejaa maji ya kijani. Lingine lilikuwa na makaburi ambayo hakuna aliyetaka kusema ni ya nani. Mtu mmoja wa Katubuka, ambako maji hujikusanya yakakosa pa kwenda, alitaka kutuuzia kiwanja chenye msingi tayari, na baba hakukubali hata kushuka kwenye bajaji.

Nilianza kuchoka. Nakumbuka nikimwambia shangazi yangu kwa simu kwamba baba hatafuti shamba, anatafuta tu sababu ya kukataa. Kila nilipoamini tumepata, alikuta doa. Na nyumbani alizidi kukonda. Alikohoa asubuhi, akasema ni vumbi la njiani.

Shamba la mwisho tuliambiwa na mwanamke anayenunua vitenge kwangu. Alisema kijijini kwao yuko mjane anauza, anataka kuhamia kwa binti yake. Tukaenda. Mjane yule alikuwa mdogo kwangu kidogo, mwembamba, amefunga kitambaa cheusi kilichopauka. Alitupokea kwa heshima, akamwamkia baba shikamoo kwa kupiga goti kidogo, akatuletea viti viwili na yeye akabaki amesimama.

"Tembeeni tu, mzee," akasema. "Mpaka wa huku ni ile mikaratusi, wa kule ni njia ya watu. Mimi nipo hapa."

Tulitembea asubuhi nzima. Lilikuwa shamba zuri kuliko yote tuliyoyaona. Lilikuwa na mwinamo mdogo tu, maji ya mvua yangeshuka bila kukusanyika. Hapakuwa na matete, hapakuwa na ufa. Miti ilisimama wima. Baba alikita nondo yake huku na huku, kila mahali ikarudisha mlio mzito. Majirani aliowauliza walimsifu mjane, wakasema ni mtu wa kanisa, hana ugomvi na yeyote. Walipofika hapo walinyamaza, na mimi sikuona chochote katika kunyamaza kwao. Wala baba hakuona.

Upande wa nyuma ya nyumba palikuwa na tuta pana la matembele, limestawi kweli, marando yake yamefunika ardhi yote kama mkeka. Baba alilipita pembeni akisema udongo unaoota matembele namna ile hauna haja ya kukaguliwa.

Tulirudi uani. Baba akaketi, akaweka nondo chini ya kiti, akamwambia mjane, "Mama, nimepapenda. Tumwite mwenyekiti wa kitongoji tuzungumze mbele yake."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu nyumba ilale majini nimwone akitabasamu. Meno yake machache yalionekana. Aliniuliza chumba chake nadhani kikae upande gani, ili asubuhi asipigwe na jua la moja kwa moja. Mimi nilijisikia mwepesi kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. Nikasema wacha nitazame nyuma ya nyumba tutakapoweka jiko. Nikazunguka, na kwa kuwa njia ya pembeni ilikuwa na upupu, nikaamua kukatisha katikati ya matembele.

"Dada!"

Mjane alikuwa amenifuata. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa ya mtu aliyekabwa.

"Dada, simama hapo hapo. Usisogeze mguu."

Nilidhani ameona nyoka. Mguu wangu mmoja ulikuwa juu. Niliurudisha nyuma taratibu, nilikoutoa, na nilipofanya hivyo nikasikia chini yangu kitu kikilalamika, kama ubao wa kitanda cha zamani. Mjane alinyoosha mkono, nikaushika, akanivuta mpaka kwenye ardhi ngumu. Kisha akaketi palepale chini, miguu imenyooka, akatazama mikono yake.

Baba alifika akijikongoja. "Kuna nini?"

"Ni kisima, mzee," mjane akasema.

Alieleza taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Mume wake alichimba kisima kile mwenyewe. Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kikali, maji yakashuka chini sana, akaazima mashine ya kuvutia maji. Mpira wa mashine haukufika, akaishusha mashine yenyewe ndani ya kisima, akashuka nayo, akaiwasha. Moshi ukakosa pa kutokea. Kijana wao mkubwa alimwita baba yake, akaona haitiki, akashuka kumtoa. Hakupanda.

"Nilikuwa sokoni nauza mawese," akasema. "Niliporudi watu walikuwa wamejaa hapa. Wengine walitaka kushuka, wazee wakawashika. Mashine ilikuwa bado inalia kule chini. Ililia mpaka mafuta yakaisha."

Waliwatoa baada ya hewa kusafika, wakawazika kwenye makaburi ya kanisa. Shemeji zake wakakata magogo ya michikichi, wakayalaza juu ya mdomo wa kisima na kumwaga udongo. Yeye akapanda matembele ili asiwe anaona mviringo ule. Hajawahi kuyachuma.

"Magogo ya mchikichi huoza," baba akasema kwa sauti ya chini.

"Najua, mzee. Kila masika nasikia udongo ukidondoka ndani. Nawafukuza hata kuku." Akainua macho. "Nilijua mkijua hamtanunua. Wa kwanza waliokuja waliambiwa na watu, wakaondoka. Nikawaomba majirani wasiseme. Lakini nimeshindwa. Nilipomwona dada amekanyaga, nimeshindwa."

Mimi nilikuwa na hasira. Nilitaka kumwambia kwamba tungeleta wajukuu hapa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, baba akaniwekea mkono begani.

"Ahsante kwa kumwita mwanangu," akamwambia mjane. Akaokota nondo yake. Tukaaga.

Njiani hatukupanda pikipiki, baba hakutaka. Alitembea mbele yangu mpaka barabara ya lami, na mara moja tu alisimama. Nilifikiri anapumzika. Nikasema, "Baba, kisima kinafukiwa. Likishafukiwa shimo, shamba ni zuri. Wewe mwenyewe umesema."

"Nimesema, ndiyo. Nilipita pale pale pembeni, nikasema hapahitaji kukaguliwa."

"Hakuna ambaye angejua."

"Ndiyo maana," akasema.

Kwenye bajaji alitazama nje muda wote. Tangu siku ile hakuzungumza tena habari ya kununua shamba. Wateja wangu walileta taarifa za mahali huku na huku, nikamfikishia, akasema, "Sawa, tutaona," kwa namna ile mtu mzima anavyomjibu mtoto anayeomba kitu kisichowezekana. Nondo ilibaki imeegemea ukuta nyuma ya mlango wa jikoni, nami nikaanza kuitumia kufungia mlango upepo ukivuma.

Kitu kimoja tu aliniomba. Alitaka kurudi kwa mjane kabla ya mvua, kisima kikafukiwe. Nilimwambia si kazi yetu, shamba si letu. Akasema anajua si letu.

Tulikwenda pamoja na majirani wa mjane, watu wazima waliokuwa wameombwa wanyamaze na sasa walifanya kazi bila kutazamana usoni. Walifyeka matembele yote. Walifunga kamba kwenye magogo na kuyavuta wakiwa mbali, na gogo la pili lilikatika vipande kama muhogo uliooza. Mdomo wa kisima ukawa wazi. Harufu ya ubaridi ikatoka, harufu ya udongo uliokaa gizani, na watu wote wakarudi nyuma bila kuambiana.

Mjane hakutoka nje. Alikuwa jikoni anasonga ugali wa watu. Lakini jiko lake ni la matete, na mawe yalipoanza kutupwa, kila moja lilisikika likipiga maji kule chini. Niliingia kumsaidia, nikamkuta amesimamisha mwiko. Kila jiwe likilia anafumba macho. Nikachukua mwiko nikaendelea kusonga mimi, naye akabaki amesimama na mikono yake mitupu. Baada ya muda mlio wa maji ukaisha, yakawa ni mawe yanagonga mawe tu. Ndipo akaketi.

Baba alitupa mawe na wengine. Nilimkataza, hakusikia. Jioni alikuwa kijivu usoni, na nilimpandisha kwenye bajaji kama mtoto.

Kikohozi hakikumwacha tena. Hospitali walisema mapafu, na moyo pia. Alikuwa akilala chumba cha wanangu na dirisha wazi, hata mvua ikinyesha, kwa sababu alisema anataka kusikia maji yanakokwenda. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani, akaniuliza nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na nini kabla sijajenga. Nikasema sijui, nilinunua pakiwa na mihogo. Akatikisa kichwa. Sikuwa nimewahi kufikiria. Alipolala nilitoka nje nikasimama uani kwangu, mahali nilipoanika nguo miaka yote ile, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hakika na ardhi niliyoikanyaga.

Alifariki kabla masika hayajakwisha. Tulimzika Ujiji, alasiri, kwenye matope. Waliochimba walisema wamepata mahali pakavu, na nilichagua kuwaamini.

Mjane wa mlimani alikuja msibani. Alishuka kwa gari la asubuhi na ndoo ya mihogo kichwani, akakaa na wanawake nyuma ya nyumba. Ingawa yeye ni Mkristo na sisi ni Waislamu, alibaki nasi siku zote za matanga, akachota maji, akaosha masufuria. Wengine waliniuliza ni ndugu yetu wa upande gani. Nilisema ni wa upande wa baba.

Siku ya mwisho tulikuwa wawili tu karoni, tunaosha sahani. Nikamwuliza shamba limefikia wapi.

"Lipo."

"Hawajaja watu?"

"Wamekuja. Nawapeleka kwanza pale kisimani, nawaambia. Wananishukuru, wanasema watarudi." Akafuta sahani, akaiweka juu ya nyingine. "Hawarudi."

"Kimeshafukiwa. Ungeweza hata usiwaambie."

"Binti yangu naye anasema hivyo. Ananiambia, mama, unakaa peke yako kwa sababu ya shimo ambalo halipo. Lakini dada, mimi nilikuona umeinua mguu. Uliuinua kidogo tu, na nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nilinyamaza kidogo. Hukujua, lakini nilinyamaza kwanza."

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika kwenye beseni lililokwisha kujaa. Nikayafunga. Sikumwambia kwamba nimemsamehe, kwa kuwa sikujua kama ni kweli, wala yeye hakuomba. Nilimpa sahani nyingine, akaifuta.

Bado anaishi kule. Akishuka mjini kuuza mawese hupita kwangu sokoni, anakaa juu ya marobota ya vitenge, tunakunywa chai. Binti yake ameacha kumwita ahame. Akiba ya baba niliigawa kama sheria inavyotaka, na fungu langu likaishia kwenye bati la nyumba, lililokuwa linavuja. Shamba sikununua. Mara moja moja watu huniambia mahali pazuri, karibu na lami, bei ya kuelewana, na mimi huwajibu, "Sawa, tutaona."